Hundi Nne na Miaka Mingi ya Nafasi Ndogo



Ukilitaja jina la Jonathan Roumie mbele ya vijana wa parokia zetu, wengi watauliza ni nani. Ukisema ni yule anayeigiza nafasi ya Yesu katika tamthilia ya The Chosen, watamtambua mara moja, kwa maana vipande vya tamthilia hiyo hupita katika simu zao, hasa wakati wa Kwaresima na Juma Kuu. Habari ya maisha yake nayo imeanza kusafiri. Tumeisikia katika mafungo ya vijana na katika vikundi vya sala, na kila mara husimuliwa kwa mtindo uleule. Palikuwa na mwigizaji aliyeishiwa kabisa. Asubuhi moja akapiga magoti, akamkabidhi Mungu maisha yake yote. Siku hiyohiyo akakuta hundi nne katika sanduku la barua, na baada ya miezi mitatu akaitwa kuchukua nafasi iliyompa jina duniani kote. Msimulizi akifika hapo huwageukia wasikilizaji na kuwaambia: na wewe kabidhi leo, kesho utaona.

Habari yenyewe ni ya kweli. Roumie ameisimulia mwenyewe hadharani mara nyingi, na hatuna sababu ya kuitilia shaka. Tunalotaka kulipinga ni lile neno la mwisho, "kesho utaona". Neno hilo huigeuza habari njema kuwa mzigo kwa watu wengi wanaoketi katika mabenchi ya makanisa yetu. Katika nyumba zetu za malezi, linawafundisha waseminari kuutazama utumishi mdogo kwa jicho lisilofaa. Maoni yetu ni kwamba sehemu yenye mafundisho zaidi katika maisha ya mwigizaji huyu ni ile ambayo wasimulizi huiruka, yaani miaka mingi ya nafasi ndogo.

Miaka inayorukwa

Roumie alizaliwa New York mwaka 1974. Baba yake ni mzaliwa wa Misri, na mama yake ana asili ya Ireland. Alibatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki, na akiwa bado kijana mdogo akawa Mkatoliki. Ameeleza kwamba utotoni aliiona filamu ya Franco Zeffirelli juu ya Yesu wa Nazareti, ile ya mwaka 1977, ikamgusa hata akajitengenezea msalaba wa mbao na kuigiza mateso ya Bwana uani kwao. Alipokua alisomea mambo ya filamu katika School of Visual Arts, hukohuko New York.

Baada ya hapo ikaja miaka ambayo haina cha kusimulia jukwaani. Alifanya kazi ya kutafuta maeneo ya kupigia filamu za watu wengine. Aliingiza sauti katika kazi ambazo uso wake haukuonekana. Alihamia Los Angeles, mji ambao kila mhudumu wa mgahawa husemekana kuwa ni mwigizaji anayesubiri kuitwa. Alionekana kwa kitambo kifupi katika tamthilia maarufu za Marekani kama NCIS, Castle na The Mindy Project, lakini anayezipenda tamthilia hizo angepata shida kumkumbuka.

Inafaa tueleze kazi hiyo inavyokwenda, kwa kuwa watazamaji wengi huona nyota tu. Mwigizaji mkuu wa tamthilia ya televisheni ana mkataba wa msimu mzima, jina lake hutangulia, na hadithi huandikwa ikimzunguka yeye. Mwigizaji wa nafasi ndogo huitwa kwa siku moja au mbili. Hufika, huvaa nguo alizopewa, husema sentensi zake chache akiwa daktari, polisi au mpita njia, kisha huondoka. Kesho yake anarudi katika foleni ya usaili pamoja na wengine wengi wanaofanana naye kwa umri na sura. Mara nyingi haambiwi hata kwa nini amekataliwa. Kodi ya nyumba, hata hivyo, haingoji usaili.

Hata nafasi ya Yesu yenyewe ilimjia kwanza kwa udogo. Aliigiza kama Yesu katika onyesho la jukwaani juu ya Mtakatifu Faustina na Huruma ya Mungu, lililozungushwa katika maparokia. Humo yeye alionekana katika picha zilizorekodiwa, huku mwigizaji mkuu akiwa ni mama aliyecheza nafasi ya Faustina. Kisha mwongozaji Dallas Jenkins, Mprotestanti wa Kiinjili, akamchukua katika filamu fupi alizokuwa akiwatengenezea waamini wa kanisa lake. Mojawapo, iliyotoka mwaka 2014, ilihusu wale wahalifu wawili waliosulubiwa pamoja na Bwana. Katika filamu hiyo macho ya mtazamaji yako kwa wahalifu, na Yesu amekaa pembeni ya hadithi. Kwa hiyo mtu ambaye leo hujulikana kama Yesu wa televisheni alianza kwa kuigiza Yesu ambaye hakuwa mhusika mkuu, mbele ya watazamaji wa ibada.

Hapo ndipo ilipofika mwaka 2018. Fedha zilikuwa zimekwisha, akaunti imepitiliza chini ya sifuri, na kazi haionekani. Akapiga magoti. Hundi zikaja. Zilikuwa malipo ya kazi alizokwisha kufanya, yaani jasho la zile nafasi ndogo lililokuwa limechelewa njiani. Miezi mitatu baadaye Jenkins akamwita. Jenkins naye alikuwa ametoka katika kuanguka kwake: filamu yake ya mwaka 2017 haikupata watazamaji, na katika kukata tamaa alirudi kutengeneza filamu fupi ya Noeli kwa ajili ya kanisa lake, katika shamba la rafiki yake. Filamu hiyo fupi iliwavuta watu zaidi ya 16,000, waliochanga jumla ya zaidi ya dola milioni 10. Ndiyo fedha iliyouanzisha msimu wa kwanza wa The Chosen mwaka 2019. Hakuna studio kubwa iliyokuwa nyuma yao.

Kosa la kwanza: kuigeuza sala kuwa biashara

Tukiisimulia habari hii kuanzia kwenye hundi, tunaipeleka sokoni. Nchi zetu zimejaa wahubiri wanaouza "kesho utaona". Mtu huambiwa apande mbegu, atoe sadaka ya mwisho, atangaze muujiza kabla haujatokea. Waamini wetu Wakatoliki hawaishi kisiwani. Wanasikia mahubiri hayo kwenye basi, sokoni na kwenye redio ya jirani, na mengine yamekwisha kuingia katika shuhuda zetu wenyewe, yakiwa yamevikwa rozari shingoni.

Tufikirie anayeisikia. Katika jumuiya ndogo ndogo yoyote yupo mama ambaye amemkabidhi Mungu mtoto wake mgonjwa kila asubuhi kwa miaka, na mtoto bado yu mgonjwa. Yupo kijana aliyemaliza chuo, amefunga, amefanya novena, na barua ya kazi haijafika. Mama huyu akisikia kwamba Roumie alikabidhi asubuhi na jioni akapokea, ataondoka na swali moja: mimi nilikabidhi vibaya wapi? Tumempa mashaka juu ya sala yake na tumeyaita ushuhuda.

Kuna watakaotujibu kwamba Mungu hutenda miujiza na kwamba tusimwekee mipaka. Tunakubali kabisa. Hundi zile zilikuwa riziki, na mtu aliyezipokea alifanya vema kushukuru. Lakini tuzipime kwa kipimo chake. Zilimtosha kula na kulipa madeni ya siku zile. Zilifanana na mana ya jangwani, ambayo Waisraeli waliruhusiwa kuokota ya kutwa, na waliolimbikiza waliikuta imeoza. Baada ya hundi ilibaki miezi mitatu ya kungoja ambayo msimulizi huivuka kwa sentensi moja. Kilichobadilika asubuhi ile, kwa maelezo ya mwenyewe, ni kwamba aliacha kuishika kazi yake kama mali yake. Kama barua zingechelewa wiki nyingine, sala ile ingekuwa na thamani ileile.

Kosa la pili: kuiona nafasi ndogo kama ngazi

Kosa hili linatuhusu zaidi sisi tunaoishi na kufanya kazi seminarini. Wapo watakaosema: basi, tuachane na hundi, tuwafundishe vijana uvumilivu, wakiwa waaminifu katika madogo, siku moja wataonekana na kuitwa kwenye makubwa, kama Roumie alivyoonekana na Jenkins. Fundisho hili linasikika vizuri zaidi, lakini lina shimo lilelile. Katika mji ule wa Los Angeles walikuwapo na wapo waigizaji wengine waaminifu, wenye vipaji na wenye kusali, ambao hawakuitwa na hawataitwa. Ikiwa thamani ya nafasi ndogo ni kwamba inaongoza kwenye nafasi kubwa, basi maisha ya hao wote yamepotea bure. Hatuwezi kuamini hivyo na wakati huohuo kuiamini Injili.

Wengine hutaja mfano wa talanta, kwamba aliyekuwa mwaminifu katika machache aliwekwa juu ya mengi. Ni kweli. Tuusome tena lakini. Mtumishi aliyepewa talanta tano na yule aliyepewa mbili wanapokelewa kwa maneno yaleyale, bila tofauti hata ya neno moja, na wote wawili wanakaribishwa katika furaha ya bwana wao. Wa mbili haambiwi kwamba akikazana atafikia tano.

Kanisa lenyewe limewahi kuwa na kitu kilichoitwa daraja ndogo. Kwa karne nyingi mseminari alipitia ubawabu, usomaji, upunga pepo na uakoliti akielekea daraja kubwa, na katika mazoea zikawa vituo vya kupitia tu. Mtu alipewa ubawabu bila kufungua mlango wowote, akaendelea na safari. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alilibadili jambo hilo. Alibakiza usomaji na uakoliti, akaziita huduma badala ya daraja, na akasema kwamba walei pia wanaweza kukabidhiwa, hata wasiofikiria upadre. Mwezi Januari 2021 Papa Fransisko alizifungulia kwa wanawake, na mwezi Mei mwaka huohuo akaanzisha rasmi huduma ya katekista. Maana yake iko wazi. Kusoma Neno la Mungu mbele ya waamini ni utumishi uliokamilika. Anayeufanya hadi kufa bila kuwa kitu kingine hajakwama njiani.

Sheria ya Kanisa inadai pia kwamba mseminari akishapokea huduma hizo mbili azitekeleze kwa muda wa kufaa, na kwamba ipite walau miezi 6 kati ya uakoliti na ushemasi. Haitoshi kuzipokea na kupigwa picha. Hata hivyo sote tunajua jinsi inavyokuwa. Siku ya kupewa uakoliti, ndugu huja kwa basi kutoka mbali na kuna ngoma na keki. Mwezi mmoja baadaye mlezi anatafuta mtu wa kumpelekea Ekaristi bibi mgonjwa upande wa pili wa bonde, na maakoliti wote wana mtihani wa kujiandalia.

Tuseme wazi zaidi. Ratiba ya kazi za mikono inapobandikwa ukutani, tunaona nani anakimbilia kuratibu ugeni wa Askofu na nani anapangiwa banda la nguruwe. Tunaona jinsi uongozi wa kwaya unavyogombewa na usafi wa vyoo unavyokwepwa. Katika mwaka wa kichungaji wapo mafrateri wanaohubiri kwa ustadi mbele ya kanisa lililojaa, lakini huchoka haraka wanapotumwa kigango chenye wazee kumi na watatu. Kisa cha mwigizaji aliyepanda kutoka nafasi ndogo hadi kuwa nyota, kikisimuliwa vibaya, humwambia frateri wa namna hiyo kwamba yuko sahihi: vumilia nguruwe hawa, kuna siku utakuwa mbele. Akipadirishwa na moyo huo, atakiona kila kigango kuwa banda la nguruwe la kuvumilia mpaka apangiwe kanisa kuu.

Sasa mtazameni katekista. Anatembea saa mbili kuongoza Ibada ya Dominika pasipo padre. Anafundisha wakatekumeni chini ya mwembe, anazika wafu pale padre anapokuwa mbali, na jina lake halitangazwi siku ya ubarikio wa kanisa ambalo yeye ndiye aliyelilinda kwa miaka 30. Hana msimu wa pili wala wa tatu. Ikiwa mafundisho yetu juu ya nafasi ndogo hayawezi kusomwa mbele ya mtu huyu bila aibu, basi si mafundisho ya Kikristo.

Hatari ya nafasi kubwa

Tusidhani kwamba safari ya Roumie iliishia mahali pa raha. Nafasi kubwa ina jaribu lake, na lake ni la ajabu. Watu wanapokutana naye hulia, humwomba awabariki, humsimulia dhambi na misiba yao. Amekuwa akieleza mara kwa mara kwamba hulazimika kuwakumbusha kuwa yeye ni mwigizaji, na kuwaelekeza kwa Yule anayemwigiza. Amesema pia wazi kwamba asingeweza kuibeba nafasi hii bila Misa, Kitubio na sala. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya UVIKO-19, aliongoza Rozari ya Huruma ya Mungu kwa njia ya mitandao. Mwezi Julai 2024, katika Kongamano la Ekaristi la Kitaifa huko Indianapolis, alizungumza juu ya Ekaristi mbele ya makumi ya maelfu ya waamini. Mtu mwenye uso unaofananishwa na wa Yesu alisimama katika uwanja uleule ambamo Yesu mwenyewe aliabudiwa katika mwonstransi, na kazi yake ilikuwa kuwageuza watu wamtazame Mwingine.

Jambo hili si geni kwetu. Picha za Robert Powell, aliyeigiza katika ile filamu ya Zeffirelli, zimetundikwa katika sebule nyingi duniani kana kwamba ni sura halisi ya Bwana. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyoingizwa sauti za Kiswahili, imeonyeshwa viwanjani vijijini kwetu, na wapo wazee ambao wakifumba macho kusali huona uso wa Brian Deacon. Hatusemi kwamba filamu hizo zimedhuru. Zimewafikisha wengi kwenye Injili. Tunasema kwamba uso wa mwigizaji una nguvu ya kukaa mahali pasipo pake, na kadiri anavyoigiza vizuri ndivyo hatari inavyoongezeka.

Padre yuko katika hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Altareni hutenda katika nafsi ya Kristo, na hilo si maigizo: mwigizaji huvua vazi lake jioni akawa mtu mwingine, lakini alama ya daraja takatifu haivuliwi. Siku hizi tuna mapadre na mafrateri wenye wafuasi wengi mitandaoni, na wengine wanafanya utume mwema sana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulitambua kwamba vyombo hivyo, vikitumiwa vema, vina msaada mkubwa kwa wanadamu. Lakini kila mmoja wao ajiulize kila jioni swali ambalo Roumie hulazimika kulijibu barabarani: wanaokuja, wanakuja kwa nani? Yohane Mbatizaji alikuwa na umati uliotoka mjini kumfuata jangwani. Alipoonyesha kidole kwa Mwanakondoo, baadhi ya wanafunzi wake wakamwacha wakaenda. Hakuwaita warudi.

Tuna mfano mwingine ndani ya Kanisa. Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, alikuwa mwigizaji. Mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya Wajerumani, alishiriki katika kundi la maigizo la Mieczysław Kotlarczyk mjini Kraków. Walionyesha kwa siri ndani ya nyumba za watu, bila mapambo, mbele ya watazamaji wachache, na kugunduliwa kungewagharimu maisha. Mchana alikuwa kibarua, kwanza machimboni na kisha katika kiwanda cha Solvay. Mwaka 1942 akaingia seminari, nayo ikiwa ya siri. Katika jukwaa lile hapakuwa na nyota wala makofi makubwa. Aliyejifunza kulitamka neno kwa heshima mbele ya watu ishirini waliojificha ndiye aliyekuja kulitamka mbele ya mamilioni, na mwaka 1999 aliwaandikia barua wasanii akiwatambua kama watu wenye wito. Hata kama asingekuwa Papa, maonyesho yale ya sebuleni yangebaki kuwa kazi njema.

Tunachopendekeza

Hatusemi kwamba kutamani kufanya makubwa ni dhambi. Roumie alihama mji, alihudhuria usaili, alitafuta nafasi za mbele. Taa haiwashwi ili ifunikwe kwa pishi. Kijana wa parokia mwenye kipaji cha kuigiza, kuimba au kutangaza aendelee kukinoa, na wazazi wake wasimwambie kwamba hiyo ni kazi ya wahuni. Kanisa lina hata msimamizi wa waigizaji, Mtakatifu Genesio wa Roma, ambaye mapokeo yanasema aliongoka akiwa jukwaani katikati ya mchezo wa kuudhihaki ubatizo. Sikukuu yake ni tarehe 25 Agosti. Lingekuwa jambo jema siku hiyo vikundi vya maigizo vya parokia, vinavyokumbukwa tu wakati wa Noeli na Njia ya Msalaba, viombewe kwa majina.

Kwa wanaotoa na wanaosimamia shuhuda katika jumuiya na mafungo, tunaomba jambo moja. Simulieni pia miaka. Mtu akishuhudia kwamba amepata kazi, aseme pia alisubiri kwa muda gani, nani alimlisha wakati akisubiri, na alisali vipi siku ambazo hakuna kilichotokea. Na mara mojamoja apewe nafasi ya kushuhudia mtu ambaye bado hajapata. Mama wa mtoto mgonjwa ambaye bado anakuja Misa ya alfajiri ana ushuhuda mkubwa kuliko wengi tunaowapa kipaza sauti.

Kwa walezi wenzetu, tunaomba kazi ndogo zisitumike kama adhabu. Mseminari aliyekosa akipelekwa bandani, na aliyefanya vizuri akipelekwa kupokea wageni, tumekwisha kumfundisha sote kwa pamoja kipi ni cha chini na kipi ni cha juu, na homilia zetu juu ya unyenyekevu hazitalifuta somo hilo. Walezi nao wanaweza kuwamo katika ratiba ile ya ukutani.

Kwa ninyi mafrateri, tunasema kwa upendo: kuna miongoni mwenu ambao hawatapadirishwa. Wengine wataondoka wenyewe, wengine watashauriwa kuondoka. Ikiwa miaka yenu hapa ni ngazi tu, siku hiyo mtahisi mmeibiwa ujana wenu. Ikiwa kila kengele mliyoigonga na kila mgonjwa mliyemtembelea vilikuwa utumishi kwa Bwana siku ileile mlipovifanya, hakuna atakayewanyang'anya. Mtakuwa walimu, wakulima, waume na baba, makatekista, pengine hata waigizaji, mkiwa mmekwisha kumtumikia Mungu kweli.

Na kwa sisi sote tutakaoitazama tena The Chosen Kwaresima ijayo, tumwombee mwigizaji wake, maana mzigo wake si mdogo. Kisha tuwatazame wale walio nyuma yake katika picha: anayebeba mtungi, anayesukuma mlango, anayepita na punda. Kila mmoja alikuja siku hiyo, akafanya sehemu yake na kuondoka, na bila wao Galilaya ile isingeonekana kuwa mahali panapokaliwa na watu.

Injili nayo ina watu wa namna hiyo. Simoni wa Kirene anapita katika mistari michache tu, akitoka shamba. Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, anaamka usingizini, anamchukua mtoto na mama yake, anasafiri, anarudi, anafanya kazi, na hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Hadithi iliendelea bila kumrudia.

Mtakatifu Yosefu, utuombee.